E-Sir, kijana aliyefoka kwa Kiswahili

Marehemu Issah Mmari, aliyejulikana kwa jina la E-Sir, hakuzaliwa katika ule ukanda wa mashariki ya Nairobi uitwao Eastlands. Alikuwa kijana wa South C. Hata hivyo hawezi kuelezwa pasipo kutajwa Eastlands, kwani huko ndiko ulikokomaa muziki aliouimba, na katika makaburi ya Kariokor, mlangoni mwa mitaa hiyo, ndiko alikolazwa.

Wasomaji wetu wengi wanaijua Eastlands kwa Pumwani, mtaa ulioanza miaka ya 1920 na ambao Majengo yake yalijengwa kwa mtindo wa nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Baadaye ilikuja Kaloleni, Bahati na Jericho, kisha katika miaka ya 1970 Dandora, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na ambayo jirani yake mashuhuri hadi leo ni jaa la taka la jiji. Dandora hiyo ndiyo iliyotoa vijana watatu walioitwa Kalamashaka. Wimbo wao Tafsiri Hii, wa mwishoni mwa miaka ya 1990, uliwaonyesha wenzao kwamba muziki wa kufokafoka, ule wa Wamarekani weusi, waweza kutamkwa kwa Kiswahili na watu wakasikiliza.

Kabla ya hapo mwenye kutaka kusikika redioni alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni Shirika la Utangazaji. Mambo yalibadilika stesheni za watu binafsi zilipoanza, Capital FM ikitangulia mwaka 1996. Stesheni hizo zilihitaji nyimbo mpya kila juma. Nayo kompyuta ilimwezesha mtu kurekodi katika chumba kidogo kazi ambayo zamani ilidai bendi nzima na studio ya tajiri.

Katika nafasi hiyo wakaingia Ogopa Deejays, yaani ndugu wawili, Francis na Lucas Bikedo. Kama jina lao lisemavyo, walikuwa wapiga santuri waliogeuka watayarishaji wa muziki. Walikuwa na tabia ya ajabu kwa watu wa kazi hiyo: hawakupenda kupigwa picha. Sauti za waimbaji wao zilijaa katika kila matatu ya Buruburu na Umoja, lakini wao wangeweza kupita Tom Mboya Street mchana kweupe asiwatambue mtu. Mdundo wao uliitwa boomba. Waliouchukia waliuita kapuka, na jina hilo la dhihaka ndilo lililodumu.

Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi. Wafokaji wa Dandora na wafuasi wao waliona kwamba muziki ni wa kusema dhiki ya watu, polisi na njaa, na kwamba hawa wa Ogopa wanachezesha watu tu. Wa Ogopa nao waliona kwamba mtu aliyechoka wiki nzima anayo haki ya kucheza. E-Sir alikuwa wa Ogopa, tena nyimbo zake nyingi ni za starehe na mapenzi ya ujana. Mwenye kutafuta mawaidha ndani yake atatoka mikono mitupu. Lakini hata waliodharau kapuka walishindwa kumdharau yeye, na sababu yake ilikuwa ulimi.

Kiswahili chake hakikuwa cha Mvita wala cha Amu, na hapa na pale kilichanganyika na Sheng ya Nairobi. Hata hivyo kilikuwa Kiswahili kilichopangwa. Alijua kufunga kina mwishoni mwa kipande na kukirudisha katikati ya kipande kifuatacho. Alijua kulichukua neno moja akaligeuza maana mara mbili kabla msikilizaji hajapumua. Msomaji wa pwani aliyekulia katika mashairi ya kujibizana hatahitaji kufundishwa jambo hili. Wimbo kama Hamunitishi ni tambo, ile ile desturi ya mshairi kujigamba mbele ya wapinzani, ambayo Muyaka bin Haji aliitumia Mombasa karne mbili nyuma. Tofauti ni kwamba Muyaka hakuwa na ngoma za kompyuta nyuma yake.

Kazi yake ilikuwa fupi mno. Aliimba Moss Moss na Brenda, akaimba Boomba Train na rafiki yake Nameless, ikaja Leo ni Leo, na nyimbo hizo zikavuka mipaka ya mitaa. Katika nyumba ambamo wazee hawakuwa wakielewa Sheng ya wana wao, angalau neno moja moja la E-Sir lilieleweka. Albamu ilikuwa moja tu, Nimefika.

Jumapili tarehe 16 Machi, 2003, katikati ya mwezi wa Muharram, alikuwa akirudi Nairobi pamoja na Nameless baada ya onyesho mjini Nakuru. Gari lao likapata ajali katika barabara hiyo ambayo imemeza Wakenya wengi. Nameless alinusurika. E-Sir alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 21. Miezi miwili tu ilikuwa imesalia atimize 22. Alizikwa kwa taratibu za Kiislamu huko Kariokor.

Hakuwahi kuona yaliyofuata. Katika mtaa wa California, ndani ya Eastlands yenyewe, studio ya Calif ya mtayarishaji Clemo iliendelea kupata nguvu, na Jua Cali akausimamisha mtindo walioupa jina la genge, wote kwa Kiswahili na Sheng. Ilipofika katikati ya mwongo ule, kijana wa Nairobi aliyefoka kwa Kiingereza kitupu ndiye aliyetakiwa kujieleza.