Barua Mbili za Emin Pasha

Mtu akishuka kutoka Bunia kwenda Kasenyi, hufika mahali ambapo mlima unakatika, na Ziwa Albert lote liko chini ya macho yake. Katika ziwa hilo, zaidi ya miaka 130 iliyopita, ilipita merikebu ndogo ya moshi ya Emin Pasha.

Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka wa 1840 katika mji wa Oppeln, ambao leo uko Poland. Alikuwa daktari, mtu mwembamba mwenye miwani, asiyeona mbali, na alipenda sana kukusanya ndege na mimea. Mwaka wa 1878 Gordon alimfanya liwali wa Ekwatoria, jimbo la Misri lililofuata mto wa Nili tangu Lado mpaka ziwa hili.

Mahitaji ya jimbo yalitoka Khartoum: nguo, dawa, baruti, hata barua. Lakini Mahdi aliinuka katika Sudani, na baada ya mwaka wa 1883 hakuna merikebu iliyofika tena kutoka huko. Watu wakafuma nguo kwa pamba yao wenyewe, wakatengeneza sabuni, na asali ikawa sukari yao. Wakangoja, macho yao mtoni.

Habari haikuja kwa mto. Tarehe 26 Februari 1886, huko Wadelai, ilifika barua iliyozunguka kwa njia ya Zanzibar, Buganda na Bunyoro. Ilitoka kwa Nubar Pasha, waziri mkuu wa Misri. Misri inaiacha Sudani, wala hakuna msaada utakaoletwa. Emin na watu wake wajiondokee kwa njia ya Zanzibar, wakiweza. Khartoum ilikuwa imetekwa tangu Januari 1885, na Gordon alikwisha kuuawa. Kwa taabu yote ya miaka mitatu, barua haikuwa na neno hata moja la asante. Jambo hilo lilimchoma Emin sana.

Askari wengi hawakukubali. Wao walijua njia moja tu ya kwenda Misri, nayo ni mto. Njia nyingine, kwao, ilikuwa hila. Si haki kuwacheka. Wengi walikuwa na wake na watoto hapo, na ni vigumu kuamini barua inayokuondoa nyumbani kwako. Emin angeweza kwenda zake. Alibaki nao, akitibu wagonjwa na kuandika habari za ndege wake.

Tarehe 29 Aprili 1888 Stanley alimkuta ziwani. Stanley alikuwa ametoka katika msitu wa Ituri, na watu wake wamekonda kwa njaa. Alikuja kumwokoa Emin, kumbe Emin ndiye aliyewapa chakula, nguo na viatu! Mwezi wa Agosti askari walimfunga Emin huko Dufile, na barua za Misri alizoleta Stanley wakaziita za uwongo. Mwezi wa Oktoba jeshi la Mahdi likaja kweli, likateka Rejaf. Ndipo wakaamini, wakamfungua.

Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu kama 1,500 uliondoka kwa Kavalli, si mbali na Bunia ya leo. Mapadre wawili, Schynse na Girault, walijiunga nao njiani. Walifika Bagamoyo mwezi wa Desemba.

Mwingine angepumzika. Emin akarudi, na mwaka wa 1891 alikuwa tena Undussuma, kusini ya Bunia. Ndui ikaingia katika msafara wake. Akawatuma wazima waende na Daktari Stuhlmann. Yeye, karibu kipofu, akabaki na wagonjwa. Mwaka uliofuata akashika njia ya msitu kwenda mto wa Kongo.

Mwezi wa Oktoba 1892 alikuwa katika kijiji cha Kinena, ameketi mezani kati ya ndege na mimea yake. Waliomwua walisimulia mambo ya siku ile baadaye, walipokamatwa. Emin alipoambiwa kwamba atauawa, alidhani ni mzaha. Ndipo akaonyeshwa barua ya Kibonge, mkubwa mmoja wa wafanya biashara ya pembe huko mtoni. Akaisoma, akaona ni kweli. Akavuta pumzi ndefu, asibishane tena. Aliomba jambo moja, kwamba binti yake mdogo apelekwe kwa mtu atakayemtunza.