TAJIRI ALIYEKATAA KUTAWALIWA NA PESA

Mpendwa msomaji, labda uko soko la Majengo unahesabu mauzo ya leo, au uko Kibaigwa unasubiri lori la mahindi. Hebu tulia kidogo. Soma habari za mtu aliyekuwa na pesa nyingi, lakini pesa hazikuwa bwana wake.

Henry Thornton alizaliwa Uingereza mwaka 1760. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri sana, tena mcha Mungu. Henry mwenyewe akawa mwenye benki pale London.

Mwaka 1782, akiwa kijana wa miaka 22, alitaka ubunge wa mji wa Hull. Akaambiwa desturi ya pale ni kumpa kila mpiga kura guinea 2. Akakataa, akajitoa! Mwaka uleule akagombea Southwark bila kuhonga mtu, akashinda, akawa mbunge mpaka alipofariki. Ndugu yangu, wewe kura yako umeiuza kwa kanga na kilo ya sukari mara ngapi?

Kabla hajaoa, mapato yake aliyagawa mafungu 7. Karibu mafungu 6 aliwapa maskini na kazi ya Mungu, yeye akaishi kwa lililobaki. Alioa mwaka 1796, akapata watoto 9, na bado akawa anatoa kama theluthi.

Yeye na binamu yake, William Wilberforce, walipigana na biashara ya watumwa. Bungeni walishindwa mara nyingi, wakachekwa. Hawakukata tamaa. Mwaka 1807 sheria ya kuikomesha katika himaya ya Waingereza ikapita.

Tena, mwaka 1799 akawa mtunza hazina wa kwanza wa chama cha wamisionari cha CMS. Alifariki mwaka 1815, ana miaka 54. Afrika hakuiona kwa macho. Lakini mwaka 1876 wamisionari wa CMS wakafika Mpwapwa, kwenye njia ileile iliyopitisha watumwa waliofungwa minyororo kwenda Bagamoyo. Injili ikaingia Ugogo!

Na ile benki je? Mwaka 1825 ilianguka, ikafunga milango. Umeona? Alichokiacha benki kiliyumba. Alichokitoa kilifika mpaka kwetu.

Lakini usidanganyike, mpendwa. Sadaka haikumwokoa Thornton. Alitoa kwa sababu moyo wake ulishakuwa wa Bwana. Zakayo naye alimpokea Yesu kwanza, ndipo mkono wake ukafunguka.

Je, wewe moyo wako uko wapi? Uko kwenye ng'ombe? Kwenye duka? Kwenye shamba la zabibu? Hivyo vyote utaviacha. Usiseme nitaokoka baada ya mavuno. Tubu leo, hapo hapo ulipo, umpe Yesu moyo wako. Kesho si yako.