Padre Jonathan Swift na Gharama za Uzee

Wengi wenu mmesikia habari za Gulliver, yule msafiri aliyefungwa kwa nyuzi na watu wafupi wasiofika goti. Mtungaji wa hadithi hiyo alikuwa padre wa Kanisa letu la Anglikana. Maisha yake yanagusa jambo linalozitaabisha nyumba nyingi hapa Njombe na Makambako: mzee akipotewa na kumbukumbu, nani atamtunza, na kwa fedha zipi?

Jonathan Swift alizaliwa Dublin, Ayalandi, tarehe 30 Novemba 1667. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, akasomeshwa kwa msaada wa baba yake mkubwa. Alipewa upadre mwaka 1695, na mwaka 1713 akawa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick huko Dublin.

Alikuwa mkali wa ulimi, lakini wanyonge walimfahamu kwa huruma yake. Alitenga pauni 500 kuwakopesha mafundi maskini bila riba, nao wakarudisha kidogo kidogo. Mapato yake hakuyala yote. Sehemu aliwapa maskini, na sehemu akaiweka akiba.

Tangu ujana alisumbuliwa na kizunguzungu, na masikio yake yakawa mazito. Katika kitabu cha Gulliver, kilichotoka mwaka 1726, alieleza juu ya watu wasiokufa, ambao wakizeeka sana husahau hata majina ya jamaa zao. Hali kama hiyo ilimjia yeye mwenyewe.

Lakini alikuwa amejiandaa. Mwaka 1740, akili ingali timamu, aliandika wasia kwamba mali yake ijenge hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Dublin. Mwaka 1742 watu walioteuliwa kisheria walimchunguza, wakaona hawezi tena kujisimamia. Wakawekwa walinzi wa kumwangalia yeye na mali yake, naye akatunzwa hadi alipofariki tarehe 19 Oktoba 1745, mwenye umri wa miaka 77.

Aliacha pauni zipatazo 12,000. Hospitali ya Mtakatifu Patrick ilipata hati yake mwaka 1746, ikapokea wagonjwa wa kwanza mwaka 1757. Hata fedha hizo hazikutosha; ikabidi kupokea pia wagonjwa waliolipiwa na jamaa zao, pamoja na maskini. Hospitali hiyo ingalipo hata leo.

Sisi wengi hatuna pauni za Swift. Tuna shamba la viazi, miti ya mbao, na kijana anayetuma fedha kutoka Dar es Salaam. Makazi ya wazee ya serikali ni kwa wale wasio na wa kuwatunza. Basi mzigo hubaki nyumbani, na mara nyingi humwangukia binti mmoja aliyeacha shamba lake amwangalie mama usiku na mchana. Kazi yake nayo ni gharama, ingawa hakuna anayeiandika.

Inafaa ukoo ukae pamoja mzee angali anajua neno lake. Aseme mwenyewe miti ipi iuzwe kwa matunzo yake, nani ashike daftari la fedha, na yule binti asaidiwe vipi. Swift aliyasema yake miaka miwili kabla ya kushindwa kusema.