Elizabeth Magie: Mwanamke aliyebuni mchezo wa kununua ardhi akalipwa dola 500

Siku hizi kwenye simu kuna gemu za kununua viwanja, nyumba na hisa kwa pesa za kuigiza. Zamani gemu za aina hiyo zilichezwa kwa mashine iliyounganishwa na televisheni. Moja ni Wall Street Kid ya mwaka 1990, ambamo mchezaji hununua na kuuza hisa ili atajirike. Lakini kabla ya mashine hizo kulikuwa na ubao, na nyuma ya ubao huo kulikuwa na mwanamke.

Elizabeth Magie alizaliwa mwaka 1866 katika jimbo la Illinois, Marekani. Baba yake, mwenye gazeti aliyepinga utumwa, alimfundisha mawazo ya Henry George. Mchumi huyo aliamini kuwa thamani ya ardhi huletwa na jamii nzima, kwa hiyo kodi itozwe kwenye ardhi, si kwenye jasho la mtu. Wazo hilo haliko mbali na la Tanzania, ambako ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake.

Magie alikuwa karani mpiga taipu mjini Washington. Ili watu waelewe wazo hilo bila kusoma vitabu, alibuni mchezo wa ubao, The Landlord's Game. Tarehe 5 Januari 1904 alipewa hataza, yaani cheti cha serikali kinachomlinda mbunifu. Wachezaji walizunguka ubao, wakanunua ardhi na kutozana kodi. Baadaye uliwekewa kanuni za aina mbili. Kwa kanuni za kwanza, mmoja alihodhi kila kitu na wengine wakafilisika. Kwa kanuni za pili, utajiri ulipoongezeka wote walinufaika.

Mwaka 1906 alitangaza gazetini kwamba anajinadi kama mtumwa, auzwe kwa atakayetoa bei kubwa zaidi. Alikuwa anapinga mishahara midogo ya wanawake.

Kwa miaka 30 watu walinakili mchezo wake kwa mkono. Charles Darrow aliujifunza, akauuza kwa kampuni ya Parker Brothers kama wake. Ukaitwa Monopoly, naye akawa milionea. Mwaka 1935 kampuni hiyo ilinunua hataza ya Magie kwa dola 500, bila mgawo wa mauzo. Kanuni za kunufaisha wote ziliachwa. Alifariki mwaka 1948. Ukweli ulijulikana kwa upana miaka ya 1970, kupitia kesi ya mahakamani.

Leo Soko la Hisa la Dar es Salaam huwashindanisha wanafunzi kuwekeza kwa mtaji wa kuigiza. Na kwa mkulima wa Masasi au Newala anayepeleka korosho mnadani kupitia chama cha msingi, swali la Magie bado lipo: kanuni hizi zimepangwa ili nani ashinde?