Alexander Fleming: Mwana wa Mfugaji Aliyetuonya Mapema

Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya mtu ambaye dawa yake imewaokoa wengi, hata huku kwetu Ghuba ya Ferguson. Naye si mwingine ila Alexander Fleming.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la kondoo huko Ayrshire, Uskoti. Nyinyi mnaochunga mbuzi wakati wa likizo mtafurahi kusikia kwamba naye alikulia mifugoni, na shule aliiendea kwa miguu. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 7 tu. Alipofika miaka 13 alienda London, na baadaye akawa karani katika kampuni ya meli. Ami yake alipomwachia urithi kidogo, hakuutapanya. Mwaka 1901 aliingia chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's, akahitimu mwaka 1906.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka Boulogne, Ufaransa, kuwatibu askari. Huko aliona ajabu. Madaktari walimimina dawa kali vidondani, lakini usaha haukukoma. Fleming akatengeneza kidonda cha kioo, yaani chupa yenye vichocho vingi, akakijaza vijidudu, kisha akakiosha kwa dawa. Kumbe! Waliojificha ndani ya vichocho walibaki hai. Dawa ilikuwa haiwafikii, tena iliua chembe za damu zinazopigana na vijidudu hao.

Mnamo Septemba 1928, alipotoka likizo, alikuta kisahani chake cha bakteria kimeota ukungu, na bakteria waliokuwa karibu na ukungu ule wamekufa. Mwingine angekitupa tu, lakini yeye alichunguza. Maji ya ukungu ule akayaita penisilini. Hata hivyo alishindwa kuisafisha dawa hiyo. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao. Mwaka 1941 walimtibu polisi mmoja aliyeoza kwa usaha. Akapata nafuu, lakini dawa ikaisha kabla hajapona. Vijidudu vikarudi, maskini akafa.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Badala ya kujisifu, Fleming aliwapa wasikilizaji mfano wa mtu anayeumwa koo, ajinunulie penisilini, ameze kidogo isiyotosha. Vijidudu havifi, bali vinajifunza kuishinda dawa. Kisha anamwambukiza mkewe, na mke akitibiwa dawa haifanyi kazi, anakufa. Mwenye kosa ni nani? Ni yule mume.

Jameni, si ndivyo tufanyavyo? Nimemwona mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki akinunua kapsuli nne tu dukani, mbili zake na mbili za nduguye!

Tena kuna jambo jingine ambalo wataalamu wamelieleza vizuri baada ya Fleming. Ule utelezi ulio juu ya mawe ya ziwani, na ule utando unaousikia menoni asubuhi kabla ya kupiga mswaki, ni kijiji cha vijidudu. Huitwa bayofilamu. Bakteria hunata mahali, hujifunika ute, na huishi humo pamoja. Penisilini huwaua bakteria wanapojenga kuta zao wakikua. Wale waliolala ndani ya utando hawajengi, basi dawa huwapita. Dawa ikikoma, huamka. Wakiwa pia ni wa aina iliyokwisha kuwa sugu, taabu huwa mara mbili.

Ndiyo maana daktari haandiki vidonge peke yake. Huosha kidonda na kuondoa nyama iliyokufa, na pengine huondoa mpira au chuma kilichotiwa mwilini. Kisha maabara hupima ni dawa gani bado inawaweza, na mara nyingine dawa mbili hutumiwa pamoja kwa muda mrefu.

Fleming alifariki London tarehe 11 Machi 1955, na majivu yake yamezikwa katika kanisa la St Paul's. Ametuachia dawa na onyo, nasi tumeipokea dawa tukaliacha onyo. Wenzangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tuoshe vidonda mapema, tuende zahanati, tumalize dozi tuliyoandikiwa, wala tusigawane vidonge kama njugu.