George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyemshtaki Leopold II kutoka Kisangani

George Washington Williams alizaliwa mwaka 1849 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Yeye alizaliwa huru, lakini kusini mwa ile inchi mamilioni ya weusi walikuwa bado watumwa. Akiwa na miaka 14 tu alidanganya umri, akaingia jeshi la kaskazini kupigana na majimbo ya watumwa.

Utumwa ulifutwa mwaka 1865. Weusi wakapewa uraia 1868, na wanaume wao haki ya kura 1870. Kwenye karatasi ilikuwa vizuri, kwenye maisha hapana: kusini walitishwa, walipigwa, hata kuuawa sababu ya kura.

Williams akasoma, akawa pasta Boston, kisha mwaka 1879 akachaguliwa mbunge, mweusi wa kwanza katika bunge la jimbo la Ohio. Aliandika pia historia ya weusi wa Marekani, vitabu viwili vikubwa. Alitaka ionekane wazi kwamba weusi waliijenga na kuipigania ile inchi, basi ni raia kama wengine.

Mwaka 1889 alikutana na Mfalme Leopold II huko Ubelgiji. Mfalme alijionyesha kama mtu wa kumaliza utumwa Kongo, na Williams akamwamini. Alifikiri hata kuleta Wamarekani weusi wafanye kazi huku kwa heshima.

Mwaka uliofuata akaja kujionea, akapanda mto hadi Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Akakuta vijiji vilivyochomwa, wakaaji kunyang'anywa chakula, wafungwa kwenye minyororo, machifu waliodanganywa kutoa ardhi, na serikali yenyewe ikinunua watu.

Kunyamaza kungekuwa rahisi. Lakini tarehe 18 Julai 1890, akiwa pale pale Stanley Falls, alimwandikia mfalme barua ya wazi yenye mashtaka 12. Ilipochapishwa, watu wa mfalme walimchafua jina, wakasema hakuwa kanali kama alivyojiita. Cheo hicho kweli kilikuwa na mashaka, lakini minyororo ilikuwepo.

Williams alikufa Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, na miaka 41. Leopold alipokonywa Kongo mwaka 1908. Kaburi la Williams lilibaki bila jiwe la jina hadi 1975.