Platt Rogers Spencer, Bwana wa Mwandiko



Platt Rogers Spencer alizaliwa tarehe 7 Novemba 1800 katika jimbo la New York, kule Marekani. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo, na mwaka 1810 familia ikahamia Ohio, upande wa Ziwa Erie. Wakati ule kulikuwa pori tu. Karatasi ilikuwa shida, na mtoto huyu alipenda kuandika kupita yote. Basi aliandika popote: kwenye mchanga wa ziwa, juu ya maganda ya miti, hata juu ya theluji. (Sisi tuko na kaye na biki, na bado wengi wetu tunaandika sawa kuku aliyepita kwenye majivu.)

Kule ziwani aliangalia mawe madogo yaliyolainishwa na maji. Hayana pembe hata moja. Herufi zake zikafuata umbo lile: duara ndefu sawa yai, zinainama kuume, mstari mwembamba sana mkono ukipanda, mnene kidogo ukishuka na kukaza kalamu ya wino. Tena hakutaka mtu aandike na vidole peke yake. Mkono wote utembee, ndipo mwandiko unabaki mwepesi.

Akiwa na miaka 15 alikuwa anafundisha wengine kuandika. Alitamani kusoma zaidi apate kuwa mchungaji. Haikufika. Pombe ilimushika. Mtu anaweza kupita hapa haraka na kurudia herufi, lakini mimi sipiti, kwa sababu hapa Bukavu nani hajui fundi mwenye mikono ya ajabu ambaye kasiksi ilimumaliza? Spencer alilewa miaka mingi. Mwaka 1828 alimuoa Persis Duty, na ulevi ukaingia naye nyumbani. Mwaka 1832 ndipo aliacha kabisa, akaanza kuwaonya wengine. Vilevile alipinga utumwa. Kisha watu wa wilaya ya Ashtabula, majirani zake, wakamupa kazi ya kutunza feza yao, na aliitunza miaka 12.

Huko Geneva, Ohio, alifundishia katika nyumba ya magogo. Wanafunzi wake wakawa walimu kwingine, vitabu vya masomo yake vikaenea, hata makarani wengi wa Marekani wakaandika kwa mkono wake. Alikufa tarehe 16 Mei 1864, na wanawe wakaendeleza kazi. Baadaye mashine ya kuandika ikaingia katika biro, kalamu ikapoteza nafasi.

Mwaka 1886, mjini Atlanta, mtunza hesabu Frank Robinson aliandika jina Coca-Cola kwa mwandiko ule. Ukiona chupa dukani, angalia zile C mbili na mikia yao: ni shule ya Spencer hiyo. Na pombe ndani hamuna.